Kilosa na Mikumi: Safari ya Nje ya Njia

Kila likizo inapokaribia, katika nyumba nyingi huzuka mazungumzo yale yale: watoto wapelekwe wapi? Mama hutaja kwa bibi yao, Tanga. Baba huukumbuka mfuko wake akanyamaza. Na vijana, ambao siku hizi wameiona dunia yote kwa macho kabla hawajaikanyaga kwa miguu, hutaja nchi ambazo nauli yake haitamkiki. Kijana mmoja wa jamaa yetu alitaja Japani. Alikuwa ameona picha za watu wakiteleza mlimani juu ya theluji, wamefunga mbao ndefu miguuni, vumbi jeupe likiruka nyuma yao, akataka kujua kwa nini sisi hatuna safari za namna hiyo. Swali lake halikuwa la upuuzi. Tuliona lafaa kujibiwa kwa vitendo, na jawabu letu likawa ni Kilosa na Mikumi.

Kwanza na tuieleze hiyo safari ya Kijapani, ili msomaji apate kujua ni kitu gani hasa kilichotamaniwa. Hokkaido ni kisiwa cha kaskazini ya Japani. Wakati wa baridi pepo kali hutoka Siberia, huvuka bahari na kuchukua unyevu, na zikipiga milima ya kisiwa hicho huuangusha unyevu ule kwa namna ya theluji nyepesi, kavu, mfano wa unga uliochekechwa. Huko Niseko, karibu na mlima Yotei ambao ni wa volkano na wenye urefu wa mita 1,898, wageni huja makundi kwa makundi. Zipo njia zilizosawazishwa kwa mashine, na wengi hutosheka nazo. Lakini wako wale wasiotaka njia. Wao hutaka theluji ambayo haijakanyagwa na mtu.

Na hapo ndipo penye hatari. Theluji hulala tabaka juu ya tabaka, na tabaka moja lisiposhikamana na jingine, uzito wa mtu mmoja waweza kulikata, mlima mzima ukaporomoka na kumfukia. Kwa hiyo watu wa Niseko wameweka malango mahali mtu anapotoka kwenye njia. Walinzi hupima upepo na theluji, kisha huamua lango lipi lifunguliwe na lipi lisifunguliwe. Likifungwa, hapana ruhusa ya kupita. Wageni wenye busara huchukua kiongozi, na kila mmoja huvaa chombo kidogo chenye kutoa mawimbi ya redio ili akifukiwa apate kutafutwa, na hubeba koleo na ufito mrefu wa kuchomea theluji.

Sasa ukiiondoa theluji katika habari hii, hubaki nini? Hubaki mtu anayeiacha njia ya watu wote na kuingia mahali asipopajua, kwa kumwamini mtu mwingine anayepajua. Fedha nyingi hulipwa kwa ajili hiyo. Na jambo hilo sisi tunalo hapa hapa, kwa nauli ya gari moshi.

Wala isidhaniwe kwamba theluji na volkano ni mambo ya ugenini kwetu. Kibo, kilele cha Kilimanjaro, ni volkano, nacho kina mita 5,895 na barafu juu yake. Mwaka 1848 Johannes Rebmann, mmisionari aliyekuwa akikaa Rabai karibu na Mombasa, aliondoka kwenda Uchagani akiwa na mwavuli wake na wapagazi wachache, na mkuu wa msafara wake alikuwa Mswahili aitwaye Bwana Kheri. Tarehe 11 Mei aliona kitu cheupe juu ya mlima, akadhani ni wingu. Akamwuliza kiongozi wake. Kiongozi akajibu kwamba pale pana wingu, ama weupe ule hasa ni kitu gani hakujua, ila alidhani ni baridi. Rebmann alipopeleka habari Ulaya kwamba karibu na ikweta kuna theluji, mabwana wa jiografia waliokaa vitini, mathalan William Desborough Cooley wa London, walimkanusha kwa miaka mingi. Msomaji ajipimie mwenyewe ni nani aliyekuwa mwalimu bora: yule wa London aliyekuwa na hakika ya asichokiona, au yule kiongozi wa msafara aliyesema wazi kwamba hajui, kisha akakisia, na kukisia kwake kukawa karibu sana na kweli.

Rebmann aliandika pia kisa alichohadithiwa, kwamba mtawala wa Machame zamani aliwapeleka watu juu ya mlima kutazama kile kitu cheupe, na kwamba ni mmoja tu aliyerudi, mikono na miguu imeharibiwa na baridi. Walikwenda bila ya mjuzi.

Hata kuteleza kwenyewe kumekwisha kufanyika huko. Mwaka 1912 Wajerumani wawili, Walter Furtwängler na Siegfried König, walipanda Kibo wakiwa na mbao zao za kutelezea, na jina la Furtwängler likabaki katika mojawapo ya vipande vya barafu vya kileleni. Lakini barafu ile inakwisha. Wanaoipima wamekuta kwamba baina ya mwaka 1912 na 2011 asilimia 85 hivi yake imetoweka. Kijana wetu alipoyasikia haya alisikitika, na haki yake kusikitika. Hata hivyo kupanda Kilimanjaro ni kazi ya siku kadhaa, gharama yake si ya nyumba yenye watoto wanne, na hewa ya juu haina huruma kwa mama mtu mzima. Basi tukageukia magharibi.

Tulipanda treni ya umeme Dar es Salaam. Reli hii mpya ilianza kuchukua abiria hadi Dodoma mwezi wa Julai mwaka 2024, na imeifanya Kilosa kuwa karibu kiasi cha kuwatia haya wale wanaokumbuka usiku wa zamani, wa kulala juu ya mizigo wakingoja injini ipate nafuu. Morogoro hupita na milima yake ya Uluguru, kisha nchi hunyooka katika uwanda wa Mkata, kisha milima husogea tena, ya Ukaguru upande mmoja na ya Rubeho upande mwingine, na hapo penye mlango baina yao ndipo ilipo Kilosa. Mbele yake, kwa anayeendelea na safari kuelekea Kidete, njia imepitishwa ndani ya milima kwa mahandaki.

Kilosa ni mji wa kukaa barazani. Una miembe mikubwa, nyumba za zamani zenye mabati yaliyogeuka rangi, na watu wasiokuwa na haraka ya kuitikia salamu ila wakiitikia huitikia yote. Mji huu ulipata umbo lake kwa sababu ya njia. Misafara ya pembe na ya watumwa ilifuata bonde la mto Mkondoa kuingia bara. Stanley alipita hapa mwaka 1871 akimtafuta Livingstone. Na Wajerumani walipojenga reli yao ya kati, iliyofika Dodoma mwaka 1910, waliifuata njia ile ile ya maji. Maji nayo yana kumbukumbu. Mwishoni mwa mwaka 2009 na mwanzoni mwa 2010 Mkondoa ulifurika, ukaingia majumbani, maelfu ya watu wakahamia mahemani, na reli ya zamani baina ya Kilosa na Gulwe ikabebwa vipande vipande. Mzee mmoja tuliyekaa naye baada ya sala ya alasiri alituonyesha kwa fimbo mahali maji yalipofika ukutani. Hakutia chumvi. Alionyesha tu, kisha akaendelea kunywa kahawa yake.

Kaskazini ya mji, katika wilaya hii hii, kuna Msowero. Kijana wa shule hana budi kupajua. Tarehe 29 Novemba 1884 Karl Peters alimfikia hapo Mangungo, mtawala wa Msowero katika Usagara, na ukaandikwa mkataba ulioitwa wa urafiki wa milele, ambao ndani yake Mangungo alisemwa kuwa ameitoa nchi yake yote pamoja na haki zake zote. Lugha ya karatasi ile ilikuwa ya Kijerumani. Miezi mitatu baadaye, Februari 1885, karatasi ile na wenzake zilikuwa zimekwisha kupata hati ya ulinzi ya Mfalme wa Ujerumani. Sisi tunaona kwamba wale wanaomcheka Mangungo hawajafikiri. Yeye aliingia katika nchi asiyoijua, nayo ni nchi ya karatasi, na hakuwa na kiongozi wake mwenyewe wa kumwambia lililoandikwa.

Kutoka Kilosa kwenda Mikumi tulichukua gari kwa barabara inayopita Ulaya. Ndiyo, msomaji hakukosea kusoma: katikati ya njia hii kuna mahali paitwapo Ulaya, na mzaha wake haujapata kuchakaa. Dereva alimwambia kijana wetu, "Mdogo wangu, wenzako huuza ng'ombe wafike Ulaya, wewe umefika kabla ya chakula cha mchana." Theluji hakuiona, lakini mahindi yalikuwa mazuri.

Mikumi ni mji wa barabarani. Malori ya kwenda Zambia na Kongo husimama hapo, na usiku kuna harufu ya nyama ya kuchoma na mafuta ya magari. Hifadhi ya Taifa iliyo jirani yake iliwekwa mwaka 1964, nayo ina eneo la kilomita za mraba 3,230. Jina lake limetokana na mikumi, yaani ile mitende ya porini yenye shina lililovimba katikati. Kusini yake imepakana na pori kubwa lililokuwa la Selous, ambalo sehemu yake tangu mwaka 2019 ni Hifadhi ya Taifa ya Nyerere, na wanyama hupita baina ya mahali hapa pawili bila ya kuuliza mpaka.

Anayetaka kutazama kwa gari, atatazama vyema. Uwanda wa Mkata ni wazi, na katika miezi ya kiangazi, tangu Juni hadi Oktoba, majani huwa mafupi na wanyama hukusanyika penye maji: nyumbu, pundamilia, nyati, twiga, swala pala, tembo, na simba wakati mwingine amelala juu ya mti kama mwenye nyumba. Viboko wako katika bwawa lao karibu na lango. Masika ni habari nyingine, kwani udongo mweusi wa Mkata ukilowa hushika magurudumu kama gundi. Na katika misitu ya miombo ya vilimani, wanakokaa tandala na palahala, wako mbung'o, ambao hupenda sana nguo za buluu na nyeusi. Wanawake katika msafara wetu walikuwa na mabuibui meusi, wakashauriwa wavae rangi za majani makavu. Walifanya hivyo kwa stara ile ile, na mbung'o wakahamia kwa wengine.

Lakini sisi hatukuja kwa ajili ya gari tu. Hapa pia mtu aweza kuiacha barabara akaenda kwa miguu, kwa ruhusa ya hifadhi na pamoja na askari wa uhifadhi mwenye bunduki. Watoto wadogo hawachukuliwi, wakabaki na mama yao bwawani kutazama viboko. Tulikwenda watu sita, alfajiri, umande ungali juu ya majani.

Kiongozi wetu alikuwa mtu wa makamo, mwembamba, wa maneno machache. Kabla hatujaondoka alitusimamisha mstari na kutueleza sheria zake. Tutakwenda mmoja nyuma ya mwingine, hakuna kusema kwa sauti, hakuna manukato, hakuna kukimbia, hata mtu akiona nini, mpaka yeye aseme. Kisha akatoa kitambaa kidogo kilichofungwa majivu, akakitikisa, akatazama majivu yanakokwenda. Kila baada ya mwendo wa dakika chache alikitikisa tena. Upepo ukitoka kwetu kwenda kwa mnyama, habari zetu zimekwisha kufika kabla yetu.

Kwenda kwa miguu ni kujifunza kusoma upya. Pale penye gari ulikuwa ukitazama mnyama. Hapa unatazama ardhi. Alituonyesha unyayo wa tembo, mikunjo yake kama ramani, na mdudu aliyepita juu yake baada ya tembo kupita, hivyo unyayo ni wa jana usiku. Alituonyesha mti uliosuguliwa na nyati mpaka ukang'aa, na mavi ya fisi, meupe kwa sababu ya mifupa. Nyani wa manjano walitupigia kelele toka juu. Hao wametazamwa na wataalamu hapa Mikumi tangu miaka ya 1970, na pengine wamezoea zaidi kutazama wataalamu kuliko sisi tulivyozoea kutazamwa na nyani.

Baada ya saa mbili tulifika penye bonde dogo lenye majani marefu. Ng'ambo yake, mwendo wa hatua mia mbili tu, palikuwa na kidimbwi ambacho tuliahidiwa kukiona, wanyama wakinywa. Kiongozi akanyanyua mkono. Tukasimama. Hatukuona kitu, majani tu, na ndege wawili watatu waliopaa kisha wakashuka tena mahali pale pale. Akatikisa majivu. Akasimama kitambo kirefu. Kisha akageuka na kutuashiria turudi nyuma.

Kijana wetu, ambaye damu yake ni ya moto, alimnong'oneza, "Afande, si pale tu? Tumekwisha fika."

Akajibiwa kwa sauti ya chini, "Mdogo wangu, wale ndege hukaa juu ya migongo ya nyati. Migongo siioni. Nisipoona, siendi, wala wewe huendi."

Tukarudi. Tulizunguka mwendo wa saa moja na nusu kwa njia ya kilimani, jua limekwisha panda, na tulipokitazama kile kidimbwi kutoka juu, kwa mbali, wanyama walikuwa wamekwisha kunywa na kuondoka. Ila katika yale majani marefu, kutoka pale juu, tuliwaona: nyati dume wanne, wazee, wametapakaa matope, wamelala hasa mahali ambapo tungepita. Nyati wa namna hiyo, waliokwisha acha kundi, ndio wanaoogopwa zaidi na watu wa porini. Hakuna aliyesema neno. Mmoja wetu, mtu wa biashara, alikuwa njiani amenung'unika kwamba ada tuliyolipa ni ya kuona wanyama si ya kuzunguka vilima. Hapo alikaa juu ya jiwe, akafuta jasho.

Nadhani hapa ndipo safari yetu ilipolingana na ile ya Niseko, na kwa kweli kabisa. Kiongozi mwema si yule anayekufikisha unapotaka. Wengi waweza kukufikisha. Thamani yake huonekana siku anapokuudhi. Na mgeni aliyelipa fedha zake hupata shida kulikubali jambo hili, kwa sababu amezoea kwamba anayelipa ndiye mwenye kuamrisha.

Tulirudi langoni, tukasali adhuhuri na alasiri kwa kukusanya na kupunguza kama ilivyo ruhusa ya msafiri, tukala wali na maharage tuliyofunga toka mjini. Jioni tukatoka, kwani milango hufungwa jua linapotua.

Na sasa lazima niseme jambo lisilopendeza. Barabara kuu ya Dar es Salaam kwenda Iringa hupita katikati ya hifadhi hii kwa kiasi cha kilomita 50. Viko vibao vya kupunguza mwendo, yako matuta, na iko faini kwa anayemgonga mnyama. Na bado hugongwa. Sisi tulimwona swala pala jike kando ya lami, miguu yake imenyooka, tai wamekwisha kushuka. Hakuwa na dalili ya kuwa na zaidi ya saa chache. Watoto, ambao mchana kutwa walikuwa wakihesabu swala kwa furaha, waliacha kuhesabu. Binti mdogo akauliza kama dereva aliyemgonga alisimama. Hatukuwa na la kumjibu. Dereva wetu, bila ya kuambiwa, alipunguza mwendo mpaka malori yakawa yanatupigia honi nyuma, na hivyo ndivyo tulivyokwenda mpaka Mikumi mjini, taa za malori zikitumulika kisogoni.

Usafiri ni haki, na barabara ile hulisha miji mingi. Hakuna mwenye akili atakayesema ifungwe. Lakini wengi wa wanaokimbia hapo usiku ni watu wetu, katika mabasi yetu, nasi abiria tumekaa ndani, wala hatusemi neno na dereva. Abiria mmoja akisema, hunyamazishwa. Watano wakisema, dereva hupunguza. Tumejaribu wakati wa kurudi, na alipunguza.

Kwa aliye na siku mbili zaidi, toka Mikumi iko barabara ya kusini kwenda Kidatu na Mang'ula, penye Hifadhi ya Milima ya Udzungwa iliyowekwa mwaka 1992. Hiyo haina barabara ya magari ndani yake. Huingiwa kwa miguu tu, pamoja na kiongozi. Milima ile si ya volkano kama Kilimanjaro bali ni ya miamba ya kale mno, na msitu wake umekaa juu yake muda mrefu kiasi cha kuwa na viumbe wasiopatikana mahali pengine popote. Maporomoko ya Sanje huanguka mita 170 hivi, na ukungu wake huonekana toka mashamba ya miwa huko chini. Katika msitu huo mna nyani mmoja wa kijivu ambaye wataalamu walimtambua mwaka 1979 tu, wakamwita kwa jina la Sanje. Wenyeji wa pale walikuwa wakimjua siku zote, na walikuwa na jina lao la kumwita. Wapandao huondoka asubuhi mapema, wachukue maji, viatu vyenye meno na nguo ya kubadilisha, maana chini ya maporomoko hapana anayebaki mkavu. Na kijana wetu, tulipomwacha huko na binamu zake, alikuwa amekwisha simama nyuma ya kiongozi, wa kwanza katika mstari.